Kitendawili, Kadi na Simu: Mwitiko wa Hadhira katika Mihadhara Mikubwa ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanajadili matumizi ya mifumo ya mwitiko wa hadhira katika mihadhara ya Kiswahili yenye wanafunzi wengi, kwa kuzingatia hali ya vyuo vikuu vya Kisumu na ukanda wa Kenya wa Ziwa Viktoria. Hoja inayotetewa ni kwamba chombo cha kukusanyia majibu, kiwe cha kielektroniki au cha karatasi, kina uzito mdogo kuliko swali linaloulizwa na hatua anayoichukua mhadhiri baada ya kuyaona majibu. Hoja hiyo inajengwa kwa kuzisoma tafiti za ufundishaji za Marekani na Kanada sambamba na kaida za utendaji wa fasihi simulizi ya Waswahili na ya Waluo, kisha maswali matatu ya somo letu yanapendekezwa na kuchambuliwa.

Utangulizi

Mwezi Januari 2003 Kenya ilianzisha mpango wa elimu ya msingi bila malipo, na watoto walioingia darasa la kwanza mwaka huo wakafikia mtihani wa kidato cha nne mwaka 2014. Kufikia wakati huo vyuo vikuu vilikuwa vimeongezeka. Katika ukanda wa ziwa, Maseno, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2001, kilifuatwa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, Bondo, kilichotunukiwa hati yake mwaka 2013. Kumbi na wahadhiri, hata hivyo, havikuongezeka kwa kasi ya wanafunzi. Zaidi ya hayo, Kiswahili kilifanywa somo la lazima katika shule za sekondari mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na kila shule ikahitaji walimu wake. Ndiyo maana kozi za Kiswahili za shahada ya ualimu huwa miongoni mwa zile ambazo wanafunzi wanaochelewa huketi kwenye vizingiti vya madirisha.

Msomaji wa jarida hili anaufahamu ukumbi huo. Mhadhiri ana kipaza sauti ambacho huenda kikafanya kazi, ana madokezo yake, na ana saa mbili. Asichokuwa nacho ni njia ya kujua, mhadhara ukiwa bado unaendelea, ni wangapi kati ya walio mbele yake wameifahamu dhana anayoieleza. Atajua atakaposahihisha karatasi za mtihani, na wakati huo muhula utakuwa umekwisha. Katika somo letu kuchelewa huko kuna gharama ya pekee, kwa sababu mwanafunzi wa leo ndiye mwalimu wa mazoezi wa mwaka kesho. Asiyeelewa msingi wa upatanisho wa kisarufi katika mwaka wa pili atausimamia ubao Mbita, Siaya au Karungu akiwa na mashaka yaleyale, naye atawagawia watoto arobaini au zaidi kwa kila kipindi.

Kwa mifumo ya mwitiko wa hadhira tunakusudia utaratibu wowote unaomwezesha kila msikilizaji, si mmoja au wawili, kulijibu swali la mzungumzaji kwa wakati mmoja, na unaoyaweka majibu hayo yote mbele ya mzungumzaji papo hapo. Katika vyuo vya ng'ambo utaratibu huu ulienea kwa umbo la kibonyezo: kidude kidogo cha mkononi chenye vitufe, kinachopeleka jibu la mwanafunzi kwenye tarakilishi ya mhadhiri, na matokeo yakaonekana ukutani kama grafu ya mihimili. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na simu.

Kiitikio kisichosema kitu

Si kweli kwamba mihadhara yetu haina mwitiko. Inao, tena una sauti kubwa. Mhadhiri husema, "Nomino ni jina la mtu, mahali au ki…", akapandisha sauti na kunyamaza, ukumbi mzima humalizia kwa pamoja, "Kitu!" Baadaye huuliza, "Tuko pamoja?" na ukumbi hujibu, "Ndiyo!" Desturi hii tumekuja nayo kutoka shule ya msingi, na tutarudi nayo huko tutakapoajiriwa.

Tuitazame desturi hiyo kwa jicho la mhakiki. Silabi inayoachwa imekwisha kufunguliwa na mhadhiri mwenyewe. Kuna jibu moja tu linaloweza kuikamilisha. Aliyeelewa hulitoa, asiyeelewa hulitoa, na aliyekuwa akisoma ujumbe kwenye simu yake hulitoa pia, pengine kwa sauti kubwa kuliko wote ili asishukiwe. Claude Shannon, katika kazi yake ya 1948 iliyoweka msingi wa nadharia ya mawasiliano, alionyesha kwamba kiasi cha taarifa katika ujumbe hutegemea idadi ya jumbe nyingine ambazo zingaliweza kutumwa badala yake. Ujumbe ambao usingaliweza kuwa tofauti haubebi taarifa yoyote. "Ndiyo" ya ukumbi mzima ni ujumbe wa aina hiyo. Huamsha waliolala, hujenga umoja wa kitambo, na kwa sababu hizo haistahili kudharauliwa. Lakini mhadhiri anayeitegemea kuamua kama aendelee na sura ya pili anajidanganya.

Kinyume cha kiitikio hicho ni swali la wazi: "Nani ana swali?" Hilo hujibiwa na kimya, au na wanafunzi walewale watatu wa safu ya mbele. Kimya hicho hufasiriwa mara nyingi kuwa ni ujinga, au kuwa ni adabu ya kutomkatiza mkubwa. Kuna sababu ya tatu ambayo haizungumzwi sana. Dholuo haina sauti /sh/ wala /z/, na mzungumzaji wake anayejifunza Kiswahili huweza kutamka "samba" akikusudia shamba. Katika ukumbi huohuo ameketi mwenzake kutoka Vihiga ambaye huzikoroga /b/ na /p/, na mwingine kutoka Nyeri anayebadilisha /l/ na /r/. Kila mmoja wao anajua kicheko kitakachomfuata akisimama. Vichekesho vya redio na runinga vimekwisha kuwafundisha ni lafudhi zipi za kuchekwa. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye ndiye mtaalamu mtarajiwa wa lugha, ana mengi ya kupoteza kwa kufungua kinywa kuliko mwanafunzi wa jiografia.

Kwa hiyo tuna njia mbili za mwitiko: moja ambamo wote husema na hakuna linalosemwa, na nyingine ambamo kuna la kusemwa na karibu wote hunyamaza.

Hadhira inayofanya kazi

Wanaosomea fasihi simulizi hawana haja ya kuelezwa kwamba hadhira si chombo cha kumiminiwa. Tangu Ruth Finnegan alipochapisha uchunguzi wake wa fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970, suala la hadhira kuwa mshiriki wa utendaji limekuwa sehemu ya kila kozi ya utangulizi. Linaloshangaza ni kwamba tunalifundisha suala hilo kwa saa mbili mfululizo mbele ya hadhira iliyonyamaza.

Chukua utegaji wa vitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" na hadhira hujibu, "Tega!" Hatua hii ni kiitikio tu, haina tofauti na "Tuko pamoja?" Lakini utaratibu hauishii hapo. Mtegaji hutoa fumbo, kisha hungoja. Watu hujaribu. Jibu lisilo sahihi hukataliwa bila kumfukuza aliyelitoa, naye huweza kujaribu tena. Hadhira ikishindwa kabisa, mtegaji hudai mji. Hupewa Mombasa, au Kisumu, akaenda huko kwa maneno, akasifu mapokezi aliyoyapata, na mwishowe akafichua jibu. Ule mji ni kifaa cha kifundishaji cha hali ya juu. Kwanza, unaifanya hadhira ikiri kwa pamoja kwamba imeshindwa, bila mtu mmoja kuaibika. Pili, unamzuia mtegaji kutoa jibu mapema: hana ruhusa ya kufichua hadi majaribio yameisha na malipo yametolewa. Ni wahadhiri wangapi wanaongoja hadi wapewe mji? Wengi wetu huuliza swali, hungoja kwa muda wa pumzi moja, kisha hulijibu wenyewe.

Katika utamaduni wa Waluo kuna mfano mwingine, nao ni pakruok. Mwimbaji wa nyatiti au wa ohangla akiwa katikati ya wimbo, msikilizaji humsimamisha, mara nyingi kwa kumtuza pesa, na kujitamba: hujitaja kwa majina ya sifa, huwataja marafiki zake au watu wa kwao, kisha muziki huendelea. Hapa hadhira haiitikii kwa pamoja. Inaingia mmoja mmoja, na mtendaji mkuu hunyamaza kuipisha. Walioyasoma maandishi ya Asenath Bole Odaga, aliyeendesha shughuli zake za uchapishaji hapahapa Kisumu, watakumbuka uzito aliowapa wasikilizaji katika utendaji wa sigana, hata mkusanyiko wake wa hadithi wa 1980 ukabeba jina la fomula ya kufungia ngano, *Thu Tinda!*

Mwandishi wa makala haya hadai kwamba babu zetu walivumbua kibonyezo. Madai ya namna hiyo yamekwisha kutuchosha. Tofauti ni kubwa. Kitendawili hutegewa watu ishirini wanaofahamiana, si mia nne wasiojuana majina. Pakruok humtukuza anayejitokeza, ilhali tatizo letu ni yule asiyethubutu kujitokeza. Kile ambacho fasihi simulizi inatupa ni kipimo: mwitiko wenye maana ni ule unaoweza kuwa wa aina zaidi ya moja, unaongojewa, na unaobadilisha kile ambacho mtendaji atafanya baadaye.

Yaliyogunduliwa na wanafizikia

Utafiti mwingi kuhusu jambo hili umefanywa katika sayansi. Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa mwalimu aliyesifiwa na wanafunzi wake hadi alipowapa jaribio la dhana za kani lililoandaliwa na David Hestenes na wenzake. Maswali yalikuwa mepesi kwa sura, hayakuhitaji hesabu yoyote. Mwanafunzi mmoja akamwuliza kama ajibu kwa jinsi walivyofundishwa au kwa jinsi yeye mwenyewe anavyofikiri kuhusu mambo hayo. Matokeo yalimwonyesha Mazur kwamba wengi waliweza kukokotoa majibu ya mitihani bila kuifahamu dhana iliyo chini yake. Kuanzia mwaka 1991 alibadili mtindo: hueleza kwa muda mfupi, huuliza swali la dhana lenye majibu ya kuchagua, kila mwanafunzi hujibu peke yake, kisha hujadiliana na jirani yake, na hujibu tena. Kitabu chake kuhusu mbinu hiyo kilitoka mwaka 1997.

Lile swali la mwanafunzi wa Harvard linatuhusu sisi kuliko linavyowahusu wanafizikia. Mwanafunzi wetu ana Kiswahili cha karatasi ya mtihani na Kiswahili cha soko la Kibuye. Katika cha kwanza huandika "vitabu vyangu". Katika cha pili husema "vitabu zangu", na hakuna anayemwangalia mara mbili. Akiulizwa swali la ngeli, huenda naye anajiuliza moyoni kama ajibu kwa jinsi alivyofundishwa au kwa jinsi anavyosema. Tofauti ni kwamba hatujampa nafasi ya kuliuliza kwa sauti.

Je, majadiliano ya jirani kwa jirani hufundisha, au yule asiyejua humwiga tu anayejua? Michelle Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado walilichunguza hilo katika darasa la jenetiki, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2009. Baada ya majadiliano, waliwapa wanafunzi swali la pili lenye dhana ileile kwa sura nyingine, wakaljibu kila mtu peke yake. Ufahamu ulikuwa umepanda kweli, na dalili zilionyesha kwamba ulipanda hata katika vikundi ambamo hapo mwanzo hapakuwa na yeyote aliyelijua jibu. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi zilizolinganisha mihadhara ya kawaida na ufundishaji shirikishi wa namna mbalimbali. Waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8 katika mihadhara ya kawaida na asilimia 21.8 katika ufundishaji shirikishi. Tahadhari inahitajika: hizo ni sayansi, na fasihi haina jibu la namna ya jenetiki. Tutalirudia jambo hili.

Utafiti unaotufaa zaidi ni wa Nathaniel Lasry wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2008. Alifundisha fizikia kwa mbinu ya Mazur kwa makundi mawili: moja lilijibu kwa vibonyezo, jingine kwa kuinua kadi zenye herufi. Katika kiwango cha kujifunza hakuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Kadi ya karatasi ilifanya kazi ileile. Mazur mwenyewe alikuwa ameanza kwa mikono iliyoinuliwa kabla ya kupata mitambo.

Maswali matatu

Ikiwa chombo si tatizo, tatizo ni swali. Na hapa hatuwezi kuazima kutoka Harvard. Ni lazima tuyatunge wenyewe. Swali zuri la kuchagua lina sifa moja kuu: kila jibu potofu linatokana na njia ya kufikiri ambayo wanafunzi wanaifuata kweli, si upuuzi uliowekwa kujaza nafasi.

Swali la kwanza ni la ngeli. Sentensi huandikwa ubaoni: "Viboko … karibu na ufuo wa Dunga." Majibu ni haya: A, wameonekana, B, vimeonekana, C, zimeonekana, D, A na B zote zinafaa, kila moja kwa maana yake. Wakazi wa Kisumu watamkumbuka mara moja mnyama wa majini, na wengi huenda wakachagua A. Aliyechagua B anakiangalia kiambishi vi- na kusahau kwamba kiumbe mwenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA. Aliyechagua C anasema kama tunavyosema stendi ya mabasi. Aliyechagua D ameona kwamba kiboko ni mnyama na pia ni mjeledi, na kwamba upatanisho ndio unaotuambia ni kipi kimekusudiwa. Hivyo mhadhiri anayeziona kadi nyingi za B ana kazi tofauti na anayeona nyingi za C. Wa kwanza ataeleza tofauti ya kigezo cha umbo, kinachotokana na jadi ya Bleek (1862) na Meinhof (1899), na kigezo cha upatanisho wa kisintaksia. Wa pili hana haja ya Meinhof. Atazungumzia lahaja za kijamii na usanifu wa lugha. Bila kadi, wote wawili wangaliirudia hotuba ileile. Tuongeze kwamba Dholuo ni lugha ya Kiniloti isiyo na mfumo wa ngeli kama wa Kibantu, na kwa hiyo mwanafunzi anayeizungumza hawezi kutegemea hisia ya lugha ya kwanza pale mwenzake Mluhya anapoitegemea. Hao wawili wakiketi jirani na kujibu tofauti, dakika tatu za mazungumzo kati yao zina thamani kubwa.

Swali la pili ni fupi, la fonolojia. Mhadhiri anasema neno moja tu na wanafunzi wanainua A wakisikia *saba* au B wakisikia *shaba*. Kisha *sana* na *zana*. Hakuna anayelazimishwa kutamka. Kinachopimwa ni usikivu, na mara nyingi mtu hushangaa kwamba tofauti anayoshindwa kuitamka anaisikia vizuri, au kinyume chake. Swali hili liambatane na jozi za b/p na l/r, ili pasiwe na jamii moja inayowekwa kizimbani.

Swali la tatu ni la fasihi, nalo ndilo linalojibu pingamizi kwamba kadi za A hadi D haziwezi kufundishia somo lisilo na jibu moja. Tuchukue mighani miwili inayofundishwa sana. Lwanda Magere, shujaa wa nyanda za Kano, hakuchomeka kwa mkuki. Mke aliyetoka kwa maadui aligundua kwamba nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake, akatoroka na siri hiyo, na kivuli kilipochomwa shujaa akageuka jiwe. Fumo Liyongo wa pwani hakudhurika kwa silaha ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe, baada ya kurubuniwa na maadui wa baba yake. Swali: ni nani mwenye lawama kubwa zaidi kwa kuanguka kwa shujaa? A, shujaa mwenyewe, kwa kuiacha siri ijulikane. B, msaliti wa nyumbani. C, adui aliyemtuma. D, jamii iliyoegemeza usalama wake kwa mtu mmoja.

Swali hili liulizwe mara mbili, kwanza kwa Magere, kisha kwa Liyongo, bila mjadala katikati. Halafu mhadhiri awaombe walioinua herufi tofauti mara ya pili wajieleze kwa majirani zao. Aliyemlaumu mke katika mighani ya kwanza lakini akamlaumu Liyongo mwenyewe katika ya pili, na kumsamehe mwana, ana jambo la kueleza. Je, ni kwa sababu mke alikuwa mgeni na mwana ni damu? Au ni kwa sababu mmoja ni mwanamke? Au matini yenyewe ya usimulizi imempa mwana udhuru ambao haikumpa mke? Hapo ndipo nadharia ya ufeministi, ambayo kwa kawaida hufundishwa kama orodha ya waasisi na mihimili, inapata mahali pa kusimama. Kadi haikutoa jibu. Imemfanya mwanafunzi ajifunge kwa msimamo kabla ya kusikia wa mwenzake, na kujifunga huko ndiko kunakomfanya aendelee kusikiliza. Mhadhiri hapaswi kutangaza jibu sahihi hapa, na asijaribu.

Simu, bando na stima

Kuhusu simu tunaweza kupita haraka zaidi. Programu kama Mentimeter ya Uswidi na Kahoot ya Norwei, iliyozinduliwa mwaka 2013, humruhusu mwanafunzi kujibu kwa simu bila jina lake kuonekana. Fadhila yake kuu ni usiri huo, na fadhila ya pili ni hesabu kamili. Kwa swali la fonolojia, au swali lolote linalogusa aibu, simu ni bora kuliko kadi. Wakenya si wageni wa kujibu kwa simu: tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, hata muuza samaki wa ufuoni amezoea kuchagua namba kwenye orodha na kuthibitisha.

Vikwazo navyo vinajulikana. Bando hununuliwa kwa pesa za chakula. Mtandao wa chuo huzidiwa wanafunzi mia nne wanapoingia kwa dakika moja. Projekta huzimika stima inapopotea. Matoleo ya bure ya programu hizo huweka mipaka kwa idadi ya washiriki, na mipaka hiyo hutufikia sisi kwanza. Kuna mfumo uitwao Plickers ambao mwanafunzi huinua kadi yenye alama ya pekee na mhadhiri akazisoma kwa simu yake moja. Ungalitufaa sana, ila seti yake kubwa ina kadi 63 tu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba teknolojia haiwezi kuota mizizi hapa. Katika Chuo Kikuu cha Maseno, idara ya hisabati ilianza mwaka 2019 kutumia STACK, mfumo huria uliobuniwa Uingereza na Chris Sangwin, unaosahihisha majibu ya hisabati na kumpa mwanafunzi maoni papo hapo. Huo si mfumo wa ukumbini, ni wa mazoezi. Lakini ulichukuliwa kwa sababu ileile, yaani madarasa makubwa ambayo hakuna mhadhiri angeweza kuyasahihishia kazi ya kila wiki. Wanahisabati walikaa wakatunga maswali. Sisi tumekaa tukilalamikia idadi.

Kwa ukumbi wa kawaida, basi, pendekezo letu ni karatasi. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara mbili hutoa kurasa nne za nje na ndani. Kila moja iandikwe herufi moja kwa kalamu nene. Mwanafunzi huiinua mbele ya kifua, si juu ya kichwa, ili mhadhiri aione na walio nyuma wasiione. Wote wainue kwa ishara moja. Wakiinua kwa zamu, safu za nyuma hungoja kuona safu ya mbele imechagua nini, na tutakuwa tumerudi kwenye kiitikio. Hesabu kamili haihitajiki. Kwa mujibu wa Mazur na wenzake, majibu sahihi yakiwa chini ya takriban asilimia 30 dhana ifafanuliwe upya. Yakiwa kati ya 30 na 70 wanafunzi wajadiliane. Yakizidi hapo, somo liendelee. Jicho la mhadhiri aliyesimama mbele linatosha kutofautisha viwango hivyo vitatu.

Pingamizi la muda na la rejista

Wahadhiri watauliza: silabasi itaisha lini? Kila swali la namna hii, pamoja na mjadala wake, huchukua dakika tano hadi kumi, na katika saa mbili hayawezi kuzidi manne au matano bila kuumiza mada nyingine. Ni kweli. Sehemu ya yale yanayoandikishwa sasa ukumbini italazimika kusomwa kabla ya kuja, na hilo linahitaji madokezo yatolewe mapema na nakala za vitabu ziwepo maktabani. Anayeanzisha kadi bila kulitatua hilo kwanza ataishia kuacha mbinu hii wiki ya nne.

Pingamizi la pili linatoka upande wa wanafunzi, nalo lina haki. Katika vyuo vya ng'ambo vibonyezo viligeuzwa upesi kuwa rejista ya mahudhurio na chanzo cha alama, na matokeo yake yakawa mwanafunzi mmoja kuingia ukumbini na vibonyezo vya rafiki zake mfukoni. Majibu ya ukumbini yasitolewe alama hata moja. Mara yatakapokuwa na alama, kila mtu atatafuta jibu la mwenzake badala ya lake, na mhadhiri atakuwa amenunua ule uongo ambao "Ndiyo!" ilikuwa ikimpa bure.

Kilichobaki ni kazi ya kutunga. Maswali ya sarufi yanatungika kwa urahisi kiasi, na mawili yaliyotolewa hapa yanaweza kupanuliwa hadi mnyambuliko, viambishi vya nafsi na uakifishaji. Ushairi ni mgumu zaidi. Swali linalouliza shairi lina mizani ngapi halifai, kwani hilo ni hesabu ya vidole. Na linalouliza mshairi alikusudia nini hualika majibu ambayo hayawezi kupimwa kwa matini. Mwandishi wa makala haya amejaribu kutunga ya ushairi huru na bado hajaridhika na hata moja. Wasomaji waliokwisha kuyajaribu ya kwao mbele ya ukumbi uliojaa wanaombwa wayalete kwenye kongamano lijalo, pamoja na majibu potofu waliyoyapata, kwa maana hayo ndiyo yatakayotufaa zaidi.